Kuacha sigara ujanani

Kuacha sigara ujanani ni hatua ya kijana aliyezoea kuvuta tumbaku, hasa mwenye umri wa miaka 13 hadi 19, kuachana nayo. Ugumu wake hutokana na nikotini, kemikali ya mmea wa tumbaku ambayo mwili huizoea na kuidai inapokosekana. Nchini Tanzania hali hiyo ya kudai huitwa mtaani arosto, neno linalotumika pia kwa watu wanaoacha dawa za kulevya.

Uraibu unavyoanza

Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20 na kuchochea dopamini, kemikali inayoleta hisia ya raha. Ubongo huendelea kukua hadi umri wa miaka 25 hivi, kwa hiyo kijana hunaswa upesi kuliko mtu mzima. Wengine huwa na dalili za uraibu hata kabla ya kuvuta kila siku.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu mjini Bariadi, unajulikana kwa pamba, wala si kwa tumbaku. Hata hivyo sigara huuzwa mojamoja vibandani na minadani, hivyo kijana hahitaji bei ya pakiti nzima. Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inakataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18, lakini ni nadra muuzaji kumhoji mvulana anayesema ametumwa na baba yake.

Dalili za arosto

Dalili huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua taratibu kwa wiki mbili hadi nne. Nazo ni uchu wa kuvuta, hasira za haraka, wasiwasi, huzuni, usingizi wa mang'amung'amu, njaa, na kushindwa kutuliza mawazo. Kikohozi kinaweza kuongezeka kwa muda mapafu yanapojisafisha.

Shuleni dalili hizo hufanana mno na utovu wa nidhamu. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeacha Jumatatu huwa na hali ngumu zaidi Jumatano: hamsikilizi mwalimu, anajibu kwa ukali, anagombana na mwenzake wa dawati. Asiyejua kinachoendelea huona kiburi tu na humwadhibu. Mwanafunzi naye hawezi kujieleza, maana kukiri kwamba anaacha sigara ni kukiri kwamba alikuwa akivuta. Wengi hurudia sigara katika siku hizo, pengine jioni ileile njiani kurudi nyumbani.

Kukabiliana nazo

Uchu mmoja hudumu dakika chache, kwa kawaida zisizozidi 10, uvutwe au usivutwe. Kunywa maji, kutembea, kucheza mpira, au kutafuna karanga na miwa husaidia kuuvusha. Kubadili njia ili kukwepa kibanda cha sigara si woga. Anayekunywa kahawa au chai nyingi ya majani apunguze, kwa sababu mvutaji akiacha, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi na kuzidisha wasiwasi na kukosa usingizi. Ugoro, ambao baadhi ya wazee wa Kisukuma huutumia, si mbadala: nao una nikotini.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba kwa watu wazima, zikiwemo bandiko na ubani wa kutafuna wenye nikotini. Kwa vijana msingi ni ushauri nasaha, na dawa zitumike kwa maelekezo ya mhudumu wa afya tu. Kijana anaweza kuanzia zahanati ya kijiji, kituo cha afya, au kwa mwalimu wa malezi. Kumwambia mtu mzima mmoja anayeaminika, hata bibi au mjomba, hufanya siku tatu za mwanzo zieleweke nyumbani.

Kurudia

Kuteleza mara moja hakufuti siku zilizopita. Wengi huacha baada ya kujaribu mara kadhaa. Uchu unaweza kurudi baada ya miezi, hasa msimu wa kuuza pamba, fedha zinapokuwa mkononi na marafiki wa zamani wanapokutana mnadani. Kwa kawaida huwa hafifu kuliko ule wa siku ya tatu, nao hupita kwa dakika zilezile chache.