Moto Usio Moshi: Historia ya Uchovu na Nguvu za Mwili

Mvuvi arejeapo pwani alfajiri husema amechoka. Mwanafunzi afungapo kitabu usiku wa manane naye husema amechoka, na kadhalika aliyeshinda kitako kutwa nzima bila ya kuinua kitu. Neno ni moja, walakini hali zao si moja. Kwa karne nyingi wataalamu wamejaribu kuzipambanua hali hizo, na kila walipolijibu swali la nguvu za mwili zinatoka wapi, walijikuta mbele ya swali jingine zito zaidi: nani mwenye haki ya kupumzika?

Matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu, walioirithi na kuikuza elimu ya Wagiriki, hawakuuchukulia uchovu kuwa ni uvivu. Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, aliujadili katika kitabu chake cha Al-Qanun fi al-Tibb. Aliugawa katika aina mbalimbali kwa kadiri mwenyewe anavyouhisi, na kila aina akaitajia matunzo yake, yakiwemo kukandwa, kuoga na kupunguza harakati. Katika karne hiyo hiyo ya 11, Ibn Butlan wa Baghdad alitunga Taqwim al-Sihha, kitabu kilichoipanga siha ya mtu juu ya mambo sita: hewa, chakula na kinywaji, harakati na utulivu, usingizi na kukesha, kutoa na kuzuia yaliyomo mwilini, na hali za nafsi. Elimu ya tibu ya namna hii ilifika pia pwani ya Afrika Mashariki. Athari yake ingalimo katika maneno kama afya, siha, dawa na tabibu, na katika desturi ya wazee ya kuvipambanua vyakula vya baridi na vya moto.

Matabibu hao walijua nini kinaulinda mwili, lakini chanzo cha joto lake kiliendelea kuwa fumbo. Fumbo hilo lilianza kufumbuka Paris. Mnamo mwaka 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walieleza jinsi walivyomweka mnyama mdogo ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima barafu iliyoyeyushwa na joto lake. Hatimaye walikata shauri kwamba kupumua ni kuungua polepole: mwili ni moto usio ndimi wala moshi, unaokula chakula na hewa.

Miaka michache baadaye, Armand Seguin alikubali mwili wake mwenyewe upimwe. Alivaa barakoa, akavuta hewa iliyopimwa, huku mguu wake ukikanyaga kanyagio. Marie-Anne Lavoisier aliichora picha ya jaribio hilo, naye mwenyewe akajichora mezani akiandika. Ilidhihirika kuwa afanyaye kazi hutumia oksijeni nyingi kuliko aliyekaa. Hapo Lavoisier akaona jambo lililovuka mipaka ya maabara: ikiwa mwenye kufanya kazi ya sulubu huteketeza zaidi, basi maskini anahitaji chakula kingi kuliko tajiri, ilhali mambo ya dunia yamepangwa kinyume. Aliyaandika hayo mwaka 1789, mwaka wa Mapinduzi ya Ufaransa. Tarehe 8 Mei 1794, Mapinduzi hayo hayo yakamkata kichwa, kwani alikuwa miongoni mwa waliokusanya kodi za mfalme.

Karne iliyofuata, katika mji wa Turin nchini Italia, Angelo Mosso alibuni chombo alichokiita ergografu. Mtu alifungwa mkono, akakivuta kizito kwa kidole kimoja tena na tena, na kalamu ikachora jinsi nguvu zilivyokuwa zikipungua. Katika kitabu chake cha mwaka 1891 kuhusu uchovu, Mosso alionesha kuwa mwalimu aliyetoka kutahini wanafunzi alikuwa na kidole dhaifu kuliko kabla ya kazi hiyo, ingawa hakuwa amebeba chochote. Kazi ya akili nayo huuchosha mwili. Mosso hakuishia kwenye vidole vya walimu. Aliandika pia juu ya watoto wa Sicily waliobebeshwa mizigo katika migodi ya salfa mpaka miili yao ikaharibika. Kwa watoto hao, uchovu haukuwa mchoro wa kalamu, bali maisha yaliyoibwa.

Bado mahali penyewe pa moto ule hapakujulikana. Vijipunje vidogo vilikwisha kuonekana kwa hadubini ndani ya misuli, na mwaka 1898 Carl Benda wa Ujerumani akavipa jina la mitokondria, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya uzi na punje. Mwaka 1929 Karl Lohmann, na kwa upande mwingine Cyrus Fiske na Yellapragada Subbarow, waligundua kemikali iitwayo ATP, ambayo seli huitumia kama sarafu ya nguvu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Eugene Kennedy na Albert Lehninger wakathibitisha kuwa mitokondria ndiyo mahali inapounguziwa chakula ili sarafu hiyo ipatikane. Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell akaeleza namna yake. Chembe zenye chaji hurundikana upande mmoja wa utando, mithili ya maji yaliyozuiwa na boma, kisha zikipita kwenye mlango wake hutoa nguvu. Wengi walimpinga, mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel.

Sarafu hiyo haiwekwi akiba kubwa. Hutengenezwa na kutumika papo hapo, na hukadiriwa kuwa jumla ya inayozunguka mwilini kwa siku moja hukaribia uzito wa mtu mwenyewe.

Mwaka 1967, John Holloszy wa St. Louis, Marekani, alitangaza matokeo ya panya aliowazoesha kukimbia kwa wiki kadhaa. Uwezo wa mitokondria za misuli yao kutumia oksijeni uliongezeka takriban mara mbili. Tanuri hizi, kumbe, hujengwa kwa kutumiwa. Ndiyo maana anayeshinda amekaa huchoka upesi, na anayeanza kutembea kila siku, kidogo kidogo, huona baada ya wiki chache kuwa njia imefupika. Haba na haba hujaza kibaba.

Ukiyatazama mambo sita ya Ibn Butlan baada ya safari hii, utaona kuwa mengi hayakuchakaa. Harakati huzidisha tanuri, na usingizi wa saa saba au zaidi humrejeshea mtu mzima nguvu zake. Chakula chenye madini ya chuma huiwezesha damu kuchukua oksijeni. Chai ikinywewa pamoja na mlo huzuia sehemu ya chuma hicho kisifyonzwe, ilhali ndimu na machungwa husaidia kifyonzwe. Hata hivyo, mazoea mema si badala ya tabibu. Uchovu usiokwisha kwa mapumziko huweza kuwa dalili ya upungufu wa damu, malaria, kisukari au maradhi ya moyo, na dawa yake si kumlaumu mgonjwa.

Lawama hiyo ndiyo iliyodumu kuliko makosa yote ya elimu ya kale. Mama anayeamka kabla ya adhana na kulala wa mwisho nyumbani haambiwi amechoka, huambiwa amezembea. Mchukuzi aliyekaa kivulini adhuhuri huitwa mvivu na asiyejua uzito wa gunia. Kwao, nasaha ya kulala mapema na kula vizuri haitoshi, maana hawakukosa maarifa. Walikosa wasaa na sahani. Ergografu ilipima nguvu za kidole, na hadubini ikaionesha tanuri iliyo ndani ya seli. Mapumziko na chakula havigawiwi na hadubini. Hugawiwa na watu, nyumbani na kazini, na katika mgao huo hesabu ya mwaka 1789 bado haijasawazishwa.