Kitabu Kinachochelewa: Faili la Mchapishaji katika Historia ya Vitabu vya Kiada vya Wanafunzi Wasioona Nchini Marekani

Historia ya vitabu vya wanafunzi wasioona nchini Marekani kwa kawaida husimuliwa kama historia ya mashine: mashine ya kuandikia nukta nundu aliyoibuni Frank Hall mwaka 1892, kisha kompyuta, kisha programu za kusoma skrini. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanafunika suala lililowasumbua zaidi wanafunzi darasani, nalo ni wakati. Muhula wa kwanza nchini humo huanza Agosti au Septemba. Mtoto aliyeletewa kitabu cha hisabati mwezi Aprili hakunyimwa kitabu. Alinyimwa mwaka wa masomo.

Mwaka 1879 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyokipatia kiwanda cha American Printing House for the Blind, kilichoanzishwa Louisville, Kentucky, mwaka 1858, dola 10,000 kila mwaka. Utaratibu huo uliendana na hali ya wakati wake. Watoto wasioona walikusanywa katika shule za bweni zilizokuwa zao peke yao, hivyo toleo moja la kitabu liliweza kuhudumia shule nyingi. Kilichokwamisha kazi zaidi kilikuwa mabishano ya miongo kadhaa kuhusu mfumo upi wa nukta utumike, ambayo yalisababisha fedha hizo chache zitumike kuchapa kitabu kilekile zaidi ya mara moja.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watoto walianza kutawanyika. Wengi zaidi walisoma katika shule za kawaida karibu na nyumbani, na mwaka 1956 sheria ya 1879 ilirekebishwa ili iwahusu nao. Sheria ya elimu ya mwaka 1975 iliimarisha mwelekeo huo. Elimu jumuishi ilikuwa ushindi, lakini ushindi huo ulivunja hesabu ya zamani ya uchapaji. Kila jimbo au wilaya ilijichagulia vitabu vyake, na mtoto mmoja akahitaji kitabu ambacho pengine hakuna mwenzake mwingine asiyeona aliyekitumia. Mzigo uliwaangukia wanukuzi wa kujitolea, waliogonga nukta ukurasa baada ya ukurasa. Kitabu kimoja cha hisabati kiliweza kuzaa makumi ya majuzuu ya nukta nundu. Shirika la Recording for the Blind, lililoanzishwa New York mwaka 1948 kwa ajili ya askari waliopoteza uwezo wa kuona vitani, liliandaa vitabu vya sauti. Lakini sauti pekee haimfundishi mtoto tahajia wala mpangilio wa mlinganyo.

Kinaya kilijitokeza pale wachapishaji walipoanza kupanga kurasa kwa kompyuta. Matini ya kitabu ilikuwapo tayari katika umbo la kidijitali, ilhali mnukuzi aliendelea kuinakili upya kutoka kwenye karatasi. Mwaka 1991 jimbo la Texas, ambalo ni mnunuzi mkubwa mno wa vitabu vya shule kupuuzwa na mchapishaji yeyote, liliwataka wachapishaji watoe mafaili ya vitabu hivyo kwa ajili ya nukta nundu. Mafaili yalikuja, lakini yalikuwa yamepangwa kwa ajili ya jicho. Kichwa cha sura kilikuwa herufi kubwa tu. Kompyuta haikuweza kukitofautisha na maelezo ya picha.

Sheria ya elimu ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2004 ililenga kasoro hiyo hasa. Iliweka kiwango cha kitaifa, NIMAS, kinachotaka kila sehemu ya matini itambulishwe kwa kazi yake: kichwa, orodha, tanbihi, namba ya ukurasa. Kituo cha kupokea mafaili, NIMAC, kilifunguliwa Louisville mwishoni mwa mwaka 2006. Faili moja sasa liliweza kuzalisha nukta nundu, maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, au sauti. Hata hivyo, sifa za teknolojia hii mara nyingi hutiwa chumvi. Faili si kitabu. Mchoro wa moyo katika kitabu cha biolojia bado unamhitaji mtu anayejua biolojia, auchore kwa mistari ya kupapaswa au aueleze kwa maneno.

Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2016, ulilegeza kizuizi cha hakimiliki baina ya nchi. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Marekani mwaka 2019. Kwa lugha kama Kiswahili, inayofundishwa katika nchi kadhaa, tamthilia iliyokwisha kunukuliwa Nairobi inaweza kupelekwa katika nchi nyingine mwanachama bila kazi kuanza upya. Lakini mkataba huo unaruhusu tu nakala itengenezwe na kuvushwa mpaka. Haumlazimishi mchapishaji kukabidhi faili. Pasipo sheria ya ndani mfano wa ile ya Texas, mnukuzi huanza na kitabu cha karatasi na skana.