Daftari la prefe: vile jeshi lilikuja kutafuta watoto masomoni



Kwenye mkutano wetu wa mwisho hapa Nyantende tulikuwa tunaongea juu ya minervale, kama kawaida. Kisha mama mmoja akasimama. Kijana wake yuko kalasi ya sita ya sekondari, na amemwambia: "Mama, nikisha kufanya Exetat, naenda kujiandikisha kwa jeshi. Kazi iko wapi?" Hatukumaliza kumjibu, mwingine akasoma ujumbe wa dada yetu aliyehamishiwa Marekani na watoto wake. Masomo ya mtoto wake wa kwanza yametuma karatasi juu ya mtihani fulani wa jeshi. Anauliza: "Nisaini ao nisisaini?"

Tuliahidi kujibu wote wawili katika gazeti hili. Lakini inafaa turudi nyuma kidogo, kwa sababu mambo haya hayakuanza leo.

Wababu zetu walijua jeshi la Wabeleji, Force Publique. Wakati ule masomo yalikuwa machache sana, kwa hiyo wakubwa wa serikali walipitia kwa chefu wa kijiji: akaombwa idadi fulani ya wanaume, naye akawatoa. Mara nyingi aliyetolewa ni yule asiyekuwa na mtu wa kumtetea. Kipimo kilikuwa mwili: urefu, kifua, meno. Aliyechukuliwa alikaa miaka 7, na wengine hawakurudi.

Wakati wa Mobutu, jeshi lilifika kwa wenye kusoma. Mwezi wa 6 mwaka wa 1971, wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, walitaka kukumbuka wenzao waliouawa na askari katika maandamano ya tarehe 4 mwezi wa 6 mwaka wa 1969. Mobutu akafunga chuo na kuwaingiza wote jeshini, kama azabu. Hapo wazazi wengi waliona kwamba jina likiwa kwenye orodha ya masomo, serikali inaweza kulisoma kwa sababu nyingine.

Halafu ikafika 1996, na hapa wengi wetu hatuhitaji kitabu. AFDL ilitangazwa Lemera, upande wetu wa Kivu ya Kusini, mwezi wa 10. Mwisho wa mwezi ule ule Bukavu ilianguka. Askofu Munzihirwa aliuawa tarehe 29. Kisha wakaanza kutafuta vijana. Wengine walienda kwa kupenda kwao: walikuwa na njaa, ao hasira, ao walitaka kulipiza mzazi aliyeuawa. Wengine walikamatwa njiani, sokoni, na masomoni. Kijana akatoka asubuhi na daftari chini ya kwapa, jioni hakuonekana. Mama akienda kuuliza, mwalimu anainamisha kichwa.

Kipimo cha wale waandikishaji hakikuwa na kalamu. Kama mtoto anaweza kubeba bunduki na kutembea, amefaulu. Ndiyo watu wakawaita kadogo, neno la Kiswahili chetu lililojulikana dunia nzima. Inakadiriwa walikuwa karibu 10 000. Walitembea kwa miguu kutoka huku Kivu mpaka Kinshasa, wakaingia tarehe 17 mwezi wa 5 mwaka wa 1997, na watu wa Kinshasa wakashangaa kuona wakombozi wenye viatu vya mvua. Mwezi wa 8 mwaka wa 1998 vita ya pili ilianza. RCD ikachukua watoto, Mai-Mai wakachukua watoto. Katika chama chetu kuna baba wa leo waliokuwa kadogo wa jana. Wengi hawapendi kuongea. Mmoja tu alituambia: "Mimi sikuibiwa miaka. Nilikuwa nayo, ila niliifanya kwa kazi isiyokuwa yangu."

Wakati wa kurudisha watoto, hasa kuanzia 2004, jambo moja lilionekana wazi. Kamanda alikuwa anasema: "Huyu ni mkubwa, ana miaka 20." Mtoto hakuwa na karatasi ya kuzaliwa. Basi wale waliokuja kumtoa wakauliza: ulisoma wapi? Ulikuwa kalasi gani vita ilipofika? Mwalimu wako ni nani? Buletini moja ya zamani, ao jina ndani ya daftari la prefe, iliweza kumtoa mtoto kambini. Daftari lile lile ambalo mwandikishaji angetaka kulisoma, ndilo lililomtetea.

Leo sheria iko. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka wa 2009 inakataza kuandikisha mtu yeyote wa chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi ao kundi la silaha. Azabu ni kifungo cha miaka 10 mpaka 20. Huko La Haye, Thomas Lubanga wa Ituri alihukumiwa mwaka wa 2012 miaka 14 kwa kuandikisha na kutumia watoto wa chini ya miaka 15. Lakini sheria inauliza umri, na umri unauliza karatasi. Na vita haijaisha: tangu mwezi wa 2 mwaka wa 2025 Bukavu imo mikononi mwa M23, na kila upande unahitaji vijana.

Sasa dada yetu wa Marekani. Mtihani ule unaitwa ASVAB. Ulianza kutolewa masomoni mwaka wa 1968. Unapima hesabu, maneno, umeme, mashine, na unaonyesha kijana anaweza kazi gani jeshini. Si kukamatwa njiani, tusilinganishe. Lakini matokeo yanaweza kutumwa kwa waandikishaji, isipokuwa masomo yamechagua yasitumwe. Tena, sheria ya huko inaruhusu waandikishaji kuomba masomoni jina, adresi na namba ya simu ya mwanafunzi, na mzazi ana haki ya kukataa kwa maandishi. Kijana wa miaka 17 haingii jeshini bila saini ya mzazi. Akifikisha 18, anajisainia mwenyewe. Dada, usisaini kitu usichokisoma. Omba mtu akutafsirie, uliza matokeo yanaenda kwa nani, na kama hutaki majina yatolewe, andika barua sasa, usingoje.

Na kwako mama wa Nyantende: hatuna haki ya kumkataza kijana wa miaka 18 kutumikia nchi yake. Wako waliofanya vile kwa heshima. Lakini kijana anayeenda kwa sababu mlango mwingine wote umefungwa, huyo hakuchagua. Tumemualika akae na wale baba wawili wa chama wanaokubali kuongea, kabla ya Exetat. Wamekubali.

Kazi yetu mwaka huu ni hii. Kwanza, kila mtoto wa mwanachama apate karatasi ya kuzaliwa. Kuandikisha ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa ni bure. Wenye kuchelewa, na sisi tuliorudi ni wengi, wanapitia tribinali, na hapo ndipo franga za wafadhili zinasaidia. Pili, buletini zote ziwekwe kopi mahali pawili: nyumbani na kwa sekretari wa chama. Zetu nyingi tuliziacha tulipokimbia. Tatu, minervale ya kalasi ya tano na ya sita ilipwe mbele ya zote, kwa sababu kijana aliyefukuzwa masomoni juu ya deni, ndiye anayekutwa barabarani.

Wenye kuwa na karatasi za zamani, hata zilizochanika, mulete kwenye mkutano ujao.