Nani Arushe? Istilahi ya Kifungu Kinachowatia Marubani Vitani

Abiria wa matatu ya namba 46, ile ya Kawangware kupitia Hurlingham, husoma jina la sako ubavuni mwa gari. Gari lenyewe lakini ni la mtu mwingine, na dereva anamjibu huyo mwenye gari. Ndege nyingi ndogo za Marekani huendeshwa vivyo hivyo. Rangi ni za Delta au United, tiketi ni ya Delta au United, ila rubani ameajiriwa na SkyWest au Republic, kwa mkataba wake mwingine kabisa. Kifungu kinachoamua mtindo huo uishie wapi ndicho marubani wa huko hukiita skopu.

Katika mikataba ya pamoja ya mashirika makubwa, skopu hukaa sehemu ya kwanza, kabla ya mshahara na likizo. Mpangilio huo una maana: mshahara mnono wa safari ambazo kesho zitarushwa na wengine haumsaidii rubani. Kanuni yake ya msingi ni kwamba safari zote za shirika zitarushwa na marubani walio katika orodha yake ya ukongwe, isipokuwa zile zilizoruhusiwa kwa kutajwa.

Vita vyote viko kwenye hiyo “isipokuwa”. Miaka ya 1990, jeti za viti 50 zilipoanza kuenea, mashirika yaliona njia ya kupunguza gharama. Baada ya 2001, United, Delta na mengine yalipokimbilia mahakama za ufilisi, marubani walibanwa, na kikomo cha ukubwa wa ndege zinazoruhusiwa kurushwa na wengine kikapanda hadi viti 70, kisha 76. Kikomo cha uzito wa kuruka nacho ni ratili 86,000, karibu kilo 39,000. Embraer ilibuni E175-E2, ndege mpya yenye injini bora, ikauzidi uzito huo; marubani hawakulegeza kamba, na mwaka 2022 mradi ukasimamishwa. United nayo mwaka 2019 iliingiza CRJ550, ambayo ni CRJ700 iliyong'olewa viti ikabaki na 50. Ni nadra kuona sentensi ya mkataba wa kazi ikipanga umbo la ndege kiasi hicho.

Kwa Kiswahili tuiteje? Kamusi itakupa “mawanda”, neno zuri ambalo limezoea kukaa kwenye tasnifu. Mfanyakazi anayesubiri kesi yake mahakamani Milimani akisikia “kifungu cha mawanda” atadhani ni utafiti wa mtu. “Kifungu cha mipaka” kitampeleka Namanga na Busia. “Hifadhi ya kazi” inaahidi kupita kiasi, maana kifungu hiki hakimlindi rubani fulani asifutwe. Kinalinda safari zisihamishwe. Mimi nachagua “kifungu cha mipaka ya kukasimu safari”. Ni kirefu, nakubali, lakini kukasimu ndilo tendo lenyewe: mwenye jukumu anampa mwingine alitekeleze, huku jina likibaki lake. Mkishaelewana, semeni “kifungu cha kukasimu” yaishe.

Yapo pia mashirika yanayopewa safari hizo. Kuyaita “ya kikanda” kunapotosha hapa Nairobi, kwani kwetu safari ya kikanda ni Entebbe, Kigali au Dar es Salaam. Yale ya Marekani huwatoa abiria miji midogo na kuwafikisha kwenye viwanja vikubwa kama Chicago. Hayo ni mashirika ya kulishia.

Jambojet, iliyoanza kuruka Aprili 2014, si ya kulishia kwa maana hiyo. Ni kampuni tanzu ya Kenya Airways yenye jina lake na tiketi zake. Hata hivyo swali la marubani halibadiliki: njia ya Kisumu ikihama kutoka Embraer 190 yenye viti 96 hadi kwa kampuni tanzu, kazi imekwenda kwa nani? Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka mkataba wa pamoja usajiliwe mahakamani ndipo utekelezwe, kwa hiyo kifungu kama hiki kikiandikwa kina meno. Hata kisipoandikwa, mwajiri hana uhuru wote. Mwaka 2013, katika kesi ya kampuni ya Wrigley, Mahakama ya Viwanda jijini Nairobi ilionya dhidi ya kukasimu shughuli za msingi za kampuni, au kutumia wakala ili kukwepa haki za wafanyakazi. Na shirika la ndege likiacha kurusha ndege, shughuli yake ya msingi ni ipi?

Tofauti ni kwamba jaji hutoa msingi wa jumla, ilhali mkataba hutaja namba. Tena namba haziazimwi ovyo. Dash 8 za Jambojet zina viti 78. Kwa kipimo cha Marekani zingekwama kwa viti viwili tu, ingawa kwa uzito zingepita bila taabu. Atakayeandika kifungu cha hapa itabidi aamue kwanza anahesabu viti, kilo au njia.