Mzizi Ulioingia Hospitali

"Si ni mizizi tu?" Hivyo ndivyo watu hutetea mitishamba wanayokunywa pamoja na dawa za presha. Lakini Rauwolfia serpentina nayo ilikuwa mizizi tu. Waganga wa India waliitumia karne nyingi, ikiwemo kutuliza wenye wazimu. Mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay akaandika katika jarida la Uingereza kwamba inashusha presha. Kufikia 1952, wanakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, walikuwa wametoa ndani yake reserpine, ikawa tembe. Presha ilishuka kweli. Wengine wakaripotiwa kuzama kwenye huzuni nzito.

Sasa chukua mtu anayemeza tembe za presha asubuhi, jioni anakoroga unga wa mzizi huo. Presha inaweza kushuka kupita kiasi, aone kizunguzungu, aanguke. Na daktari, asipoambiwa, atapanga dozi akihesabu tembe peke yake.