Wasiwasi na shambulio la hofu (Maskati)

Shambulio la hofu ni woga mkali unaomvamia mtu ghafla, ukafika kileleni ndani ya dakika chache, kisha ukapungua wenyewe. Moyo hudunda, pumzi hukata, kifua hubana, vidole hufa ganzi, jasho humtoka, naye huwa na yakini kwamba anakufa au anarukwa na akili. Wasiwasi wa kudumu hauji kwa kishindo namna hiyo. Huo hukaa na mtu miezi, ukamnyima usingizi, ukamkaza mabega na tumbo, ukamfanya awazie mabaya ambayo hayajatokea. Wapo wenye yote mawili. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu milioni 301 walikuwa na maradhi ya wasiwasi mwaka 2019, na hakuna maradhi ya akili yaliyoenea kuliko hayo. Takriban mtu mmoja tu kati ya wanne hupata tiba.

Makala hii inayatazama maradhi hayo Maskati, mji mkuu wa Omani, hasa kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko, na hasa kwa mtu aliyekwisha kuamua kuitengeneza afya yake kwa kutembea, kupunguza uzito na kuacha vinavyomdhuru. Huyo ndiye anayepata tabu ya pekee, kwa sababu safari ya kutafuta siha humpitisha kwenye hisia zilezile anazoziogopa.

Kinachotokea mwilini

Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huongeza kasi, damu huelekezwa kwenye misuli, na mtu huanza kuhema. Utaratibu huo umewekwa kwa ajili ya kukimbia au kupigana. Katika shambulio la hofu huwaka ilhali hakuna cha kukikimbia. Kuhema kupita kiasi hupunguza kabonidioksidi katika damu, na upungufu huo ndio unaoleta kizunguzungu, ganzi ya midomo na ile hisia ya kwamba hewa haitoshi, wakati oksijeni ipo tele. Mgonjwa akizisoma dalili hizo kuwa ni mauti, woga huzidi, na adrenalini nayo huzidi. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza David Clark aliueleza mzunguko huu kwa ufasaha, na sehemu kubwa ya tiba ya leo imejengwa juu ya maelezo yake.

Shambulio moja peke yake si ugonjwa. Watu wengi hulipata mara moja maishani na lisirudi. Huitwa ugonjwa linapojirudia bila ya sababu ya wazi, na mtu akatumia mwezi mzima au zaidi akiogopa la pili au akibadilisha mwenendo wake ili asilipate: haendeshi gari peke yake, haingii sokoni, hakai safu ya mbele msikitini.

Elimu yake si ngeni katika ulimwengu wa Kiislamu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyeishi kati ya miaka 850 na 934, aliandika kitabu cha maslahi ya miili na nafsi, Masalih al-Abdan wal-Anfus, akaigawa sehemu ya nafsi katika hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Alishauri kwamba kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kwa dharura ya mwili, basi aweke pia fikra njema za kumwokoa nafsi inapochafuka. Huko Marekani, mwaka 1871, daktari Jacob Mendes Da Costa alieleza askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliolalamikia moyo kwenda mbio na kifua kuuma bila ya kuonekana kasoro ya moyo. Ilichukua hadi 1980 kwa mwongozo wa Marekani wa maradhi ya akili kuupa ugonjwa wa mashambulio ya hofu nafasi yake wenyewe.

Njia ya mgonjwa Maskati

Mgonjwa haendi kwanza kwa daktari wa akili. Huenda chumba cha dharura, usiku, akiwa ameshika kifua, na mara nyingi huko hufanya la haki kabisa. Hupimwa umeme wa moyo, hutolewa damu, huambiwa moyo ni mzima. Kisha huambiwa maneno mawili ambayo nayahesabu kuwa ni kosa la kitabibu, ingawa husemwa kwa nia njema: "Huna kitu." Anacho kitu, na jina lake linajulikana. Aliyeambiwa hana kitu hurudi baada ya wiki kutafuta kipimo kikubwa zaidi, ama huacha hospitali akatafuta pengine.

Pengine pako pengi. Kwa Waswahili wa Maskati kuna kusomewa, kuna hijama, na kuna kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikafutwa kwa maji ya waridi na mgonjwa akanywa. Kuna pia zari, ngoma ya mapepo inayojulikana pande zote mbili za bahari, kutoka Pembe ya Afrika hadi Ghuba. Mwaka 2001 Samir Al-Adawi wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya zari, wakaitazama kuwa ni dhiki ya kikundi na pia ni uponyaji wa kikundi. Mtazamo huo una manufaa kuliko kejeli. Mwanamke aliyepigiwa ngoma amezungukwa na watu usiku kucha na amesikilizwa, mambo ambayo dakika chache za kliniki haziwezi kumpa. Kusomewa hakuzuii matibabu, na madaktari wengi wa Omani hawana ugomvi nako. Hatari ipo kwa mganga anayemkataza mtu vidonge vyake, au anayempiga mgonjwa ili pepo atoke.

Tiba ya hospitali ipo na ina historia. Hospitali ya Ibn Sina ilikuwa hospitali ya akili ya Maskati tangu miaka ya 1980, na jina lake lilitosha kumnyamazisha mtu asiseme anaumwa nini. Mwaka 2013 nafasi yake ilichukuliwa na Hospitali ya Al Masarra, iliyojengwa Al Amerat nyuma ya milima. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, iliyofunguliwa 1990, ina idara yake ya tiba ya tabia. Kliniki za binafsi nazo zimeongezeka. Inayotajwa sana ni Whispers of Serenity, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Sayyida Basma Al Said, mtaalamu wa ushauri nasaha ambaye amesema hadharani, kwenye redio na mikutano, mambo yaliyokuwa yakisemwa chini ya pazia.

Lugha ni kikwazo kinachosahaulika. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, maelfu ya Waomani walihamia au kurejea kutoka Zanzibar, Tanganyika, Kenya, Burundi, Rwanda na Kongo. Wazee wao wengi wanasema Kiarabu cha sokoni, lakini maumivu yao huyasema kwa Kiswahili: roho inanipanda, moyo unanienda mbio, kifua kimenikaa. Daktari huenda akawa Mhindi au Mmisri, na mkalimani ni mjukuu wa kike aliyeomba ruhusa kazini. Bibi hawezi kumwambia daktari kupitia mjukuu wake kwamba anaogopa kufa kila inapoingia magharibi. Husema "kifua", mjukuu hutafsiri "kifua", na faili huandikwa kifua.

Mazoezi na moyo unaokwenda mbio

Jioni za majira ya baridi, kuanzia Novemba hadi Machi, kornishi ya Matrah, yaani barabara ya kando ya bahari, hujaa watembeaji: kina mama wa Kiswahili waliovaa mabaibui na raba, wanaume wenye kanzu wanaohesabu hatua kwenye simu, vijana wanaokimbia kuelekea bustani ya Riyam. Wenye nguvu zaidi hupanda njia ya mlimani ya C38, inayotoka Riyam na kushukia Matrah. Mama mmoja wa kupigiwa mfano ni huyu: ana miaka hamsini, daktari amemwambia sukari inapanda na apunguze uzito, naye amewahi kupata shambulio la hofu mara mbili. Dakika kumi baada ya kuanza kutembea moyo unadunda, jasho linatiririka chini ya baibui, pumzi fupi. Anasimama, anashika ukuta wa kornishi, anampigia mwanawe simu aje amchukue. Kesho hatoki. Mwili wake haukumkosea; ulifanya kazi ya mwili unaotembea. Lakini dalili ni zilezile, na yeye amejifunza kuzikimbia.

Kulikuwa na zama ambapo madaktari wenyewe waliogopa. Mwaka 1967 Ferris Pitts na James McClure walionyesha kwamba kumdunga mgonjwa wa wasiwasi chumvi ya asidi laktiki kwenye mshipa kunaweza kumletea shambulio, na kwa kuwa misuli inayofanya kazi hutoa laktiki, wengi walidhani mazoezi nayo ni hatari kwao. Dhana hiyo haikusimama. Mwaka 1998 Andreas Broocks na wenzake wa Ujerumani waliwagawa wagonjwa 46 wa mashambulio ya hofu katika makundi matatu kwa wiki 10: wa kwanza walikimbia, wa pili walipewa dawa ya klomipramini, wa tatu kidonge kisicho na dawa. Waliokimbia walipata nafuu ya wazi kuliko waliopewa kidonge kitupu. Waliopewa klomipramini walipona haraka zaidi na vizuri zaidi, na karibu theluthi moja ya wakimbiaji waliacha njiani. Nambari hiyo ya walioacha ndiyo inayofaa kukumbukwa na anayewashauri wengine: kumwambia mwenye hofu "fanya mazoezi tu" ni kumwagiza kwenye kile anachokihofia bila ya kumfundisha.

Kufundishwa kwenyewe si kugumu. Mtaalamu humpandishia mgonjwa mapigo ya moyo kwa makusudi, kwa kupanda ngazi, kuzunguka kwenye kiti au kuhema kwa nguvu kwa dakika moja, kisha hukaa naye hadi dalili zishuke zenyewe, na hurudia hadi ubongo uzoee. Baada ya hapo kornishi ni darasa la kawaida: leo hadi kituo cha basi, mwisho wa wiki hadi soko la samaki, na hapigiwi simu mtu aje kumchukua. Kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ya kuvuta, husaidia mwili kutulia. Ile desturi ya kupumulia kwenye mfuko wa karatasi haishauriwi tena, maana anayedhani ana hofu huenda ana pumu au moyo.

Maskati inaongeza lake. Usiku wa tarehe 26 Juni 2018 huko Quriyat, ndani ya mkoa wa Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6, rekodi ya dunia: hakujapimwa siku ambayo joto lake la chini kabisa lilikuwa juu kuliko hilo. Katika joto la namna hiyo, kizunguzungu na moyo kwenda mbio vinaweza kuwa ni mwili uliokauka maji, na hapo dawa ni kivuli na maji, si kuvumilia. Ndiyo maana watu wa huko hutembea baada ya alfajiri au ndani ya majumba ya maduka yenye kiyoyozi. Kahawa nayo ina sehemu yake. Kikombe cha kahawa ya Kiomani ni kidogo, lakini hujazwa tena hadi mgeni akitikise, na nyuma yake huja karaki, chai nzito ya maziwa. Vijana wana vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo serikali ilivitoza ushuru wa asilimia 100 mwaka 2019. Kafeini nyingi huweza kuwasha shambulio kwa aliye na mwelekeo huo. Kuiacha ghafla siku ya kwanza ya Ramadhani huleta kichwa kuuma na hasira za karibu, kwa hiyo ni bora kuipunguza tangu Shaabani.

Kutofautisha, na kutibu

Kabla ya kuitwa hofu, daktari huangalia tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, mapigo ya moyo yasiyo na mpango, pumu, na kushuka kwa sukari kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge. Kushuka kwa sukari hufanana na shambulio la hofu kiasi cha kumlaghai hata muuguzi, na jibu lake ni kupima kidole. Maumivu ya kifua yanayokuja na juhudi, yanayokwenda mkononi au tayani, au yanayoandamana na kuzimia, si ya kujipimia nyumbani: nambari ya dharura Omani ni 9999.

Tiba ya mazungumzo inayochunguza fikra na kumrudisha mtu hatua kwa hatua kwenye alichokikimbia ndiyo yenye ushahidi mkubwa, na hukamilika ndani ya miezi michache. Dawa zinazoongeza serotonini husaidia wengi, lakini huchukua wiki kadhaa kushika, na siku za mwanzo zinaweza kuzidisha wasiwasi, jambo ambalo mgonjwa asipoambiwa mapema hutupa pakiti siku ya nne. Vidonge vya kutuliza vya jamii ya benzodiazepini hufanya kazi upesi mno, na hapo ndipo penye mtego, kwani mwili huvizoea na kuviacha huwa kazi. Asivichukue mtu kwa jirani.

Dawa nyingi za serotonini hunywewa mara moja kwa siku, kwa hiyo mwenye kufunga huweza kuhamishiwa saa ya futari au ya daku. Mabadiliko hayo yafanywe na daktari kabla ya mwezi kuandama, na pasiwe na siku ya kuruka.