Maili za Mraba 8,000: Mkataba wa 1900 na Chimbuko la Tofauti za Kiuchumi Buganda

Tarehe 10 Machi 1900 wasimamizi watatu wa ufalme wa Buganda, Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri, walikubaliana kimkataba na Sir Harry Johnston, mjumbe maalumu wa serikali ya Uingereza. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka 3. Baba yake, Mwanga, alikuwa amekamatwa mwaka uliotangulia na kupelekwa uhamishoni. Kwa hiyo waliogawa ardhi ya Buganda kwa niaba ya ufalme walikuwa ndio hao hao waliokuwa mbele katika foleni ya wagawiwa.

Mkataba ulikadiria kwamba Buganda ilikuwa na maili za mraba 19,600. Kati ya hizo, 9,000 ziliitwa ardhi isiyolimwa na kuwekwa chini ya serikali ya kikoloni, na misitu ya maili 1,500 ikaenda huko huko. Kabaka alipata 350. Kila mmoja wa wasimamizi watatu alipewa 16 kuwa mali yake binafsi, mbali na ardhi ya cheo. Machifu 20 wa masaza walipata 8 kila mmoja kwa nafsi yake na 8 nyingine za cheo. Fungu kubwa kuliko yote yaliyokwenda kwa Waganda, maili 8,000, lilitengewa machifu na watu mashuhuri 1,000. Baraza la Lukiiko lilipokamilisha orodha, majina yalikuwa yamekaribia 4,000. Eneo lenyewe lilikuwa halijapimwa. Upimaji uliendelea kwa zaidi ya miongo mitatu. Hata jina la umiliki huo, mailo, ni neno la kipimo tu, ndugu wa maili ya Kiswahili, na linaonyesha kwamba hesabu ilitangulia na ardhi ikafuata.

Mkulima wa kawaida, aliyekuwa akiishi na kulima ndani ya maili hizo, hakutajwa miongoni mwa wagawiwa. Alitajwa katika vifungu vya kodi: rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba.

Ni rahisi kusema kwamba mkataba uliandika tu hali iliyokuwapo, kwa kuwa Buganda ilikuwa na machifu na watwana tangu zamani. Hoja hiyo haisimami. Kabla ya 1900 chifu alishika eneo kwa sababu ya cheo, na Kabaka angeweza kumvua cheo na eneo kwa siku moja. Mkulima naye alikuwa na silaha yake: akionewa, alihamia kwa chifu mwingine, na chifu aliyekimbiwa na watu alipungukiwa nguvu na heshima. Zaidi ya hayo, koo zilikuwa na ardhi zao za makaburi na mila, butaka, zilizosimamiwa na wazee wa ukoo. Mkataba uligeuza madaraka yanayoondosheka kuwa mali ya kurithishwa na kuuzwa. Mkulima aliendelea kuwa na uhuru wa kuhama, lakini kila alikokwenda alikuta ardhi yenye mwenyewe. Na kwa kuwa machifu walichagua maeneo yenye watu na rutuba, butaka nyingi ziliangukia mikononi mwa wasiokuwa wa ukoo.

Tofauti hiyo haikuonekana kwa ukubwa wake mpaka zao la biashara lilipokuja. Pamba ilianza kupandwa katika miaka ya mwanzo ya karne, na ndani ya miaka 20 ikawa chanzo kikuu cha fedha za mkulima. Wenye mailo walikuwa wakidai busuulu, yaani kodi ya kukaa, na envujjo, yaani sehemu ya mavuno. Envujjo ilipoanza kutozwa kwenye pamba, ikapanda kadiri bei ilivyopanda, faida ya jasho la mkulima ilihamia kwa mtu ambaye hakushika jembe. Hapo ndipo wazee wa koo walipounda chama cha Bataka, mwanzoni mwa miaka ya 1920, kudai butaka zao. Uchunguzi rasmi ulifanyika, lakini mgawanyo wa 1900 haukurekebishwa.

Kilichorekebishwa ni kodi. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928, iliyopitishwa na Lukiiko kwa shinikizo la serikali ya kikoloni, iliweka viwango vya kudumu na kukataza kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama. Mara nyingi sheria hii husifiwa kuwa ukombozi wa mkulima, na kwa kiasi fulani ilikuwa hivyo. Lakini ndiyo iliyofunga fundo ambalo halijafunguliwa hadi leo. Mpangaji alipata kibanja salama, kinachorithika, kwa kodi ambayo mfumuko wa bei uliifanya kuwa ndogo kupita kiasi. Hakupata hati. Mwenye mailo alibaki na hati ya ardhi asiyoweza kuitumia wala kupata pato la maana kutoka kwake. Haki mbili zikalala juu ya udongo mmoja, kila moja ikizuia nyingine.

Picha ya mabwana wachache dhidi ya umati wa wapangaji, hata hivyo, haitoshi. Kwa mauzo na urithi, mailo ziligawanyika, na kufikia katikati ya karne wamiliki walikuwa wameongezeka mara nyingi kuliko wale wa orodha ya kwanza, wakiwamo wakulima walionunua kwa fedha za pamba na kahawa. Wakati huo huo tabaka jingine liliingia chini ya mpangaji. Kuanzia miaka ya 1920 maelfu ya watu kutoka Ruanda-Urundi, wakikimbia kazi za kulazimishwa, kodi na njaa chini ya utawala wa Wabelgiji, walikuja kufanya vibarua kwenye mashamba ya Buganda. Aliyelipa busuulu kwa mwenye mailo sasa alimlipa ujira mhamiaji.

Upande wa magharibi mambo yalikuwa mazito zaidi. Masaza ya Buyaga na Bugangaizi yalikuwa ya Bunyoro kabla ya vita dhidi ya Kabalega. Yalipotiwa ndani ya Buganda, ardhi yake nayo ikagawiwa kuwa mailo kwa Waganda. Kura ya maoni ya Novemba 1964 iliyarudisha Bunyoro, lakini hati hazikurudi pamoja na mpaka. Mnyoro aliendelea kuwa mpangaji wa mtu asiyeishi hapo.

Jirani ng'ambo ya mpaka wa kusini palikuwa na mfumo uliofanana na huu. Bukoba, watwana wa nyarubanja waliwalipa mabwana ushuru kwa migomba waliyoitunza wenyewe. Serikali ya Tanzania iliuvunja mfumo huo kwa sheria ya 1965 na nyingine ya 1968, ambazo zilimpa mtumiaji wa shamba haki ya kulishika. Uganda haikuweza kufuata njia hiyo, na sababu ni ya kisiasa kuliko ya kisheria: serikali ya uhuru ya 1962 ilisimama juu ya muungano wa UPC na Kabaka Yekka, na Mengo ilikuwa makao ya wenye mailo. Amri ya Idi Amin ya 1975 ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma na kugeuza mailo kuwa pango la muda, lakini papo hapo ilifuta kinga ya 1928, hivyo aliyeumia kwanza ni mpangaji. Utekelezaji wake nao ulikuwa hafifu, na Katiba ya 1995 ikairejesha mailo.

Sheria ya Ardhi ya 1998 ilimtambua mpangaji halali, na pia mtu aliyekaa kwenye ardhi bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba. Kodi iliwekwa kuwa ya jina tu, isiyozidi shilingi 1,000 kwa mwaka. Marekebisho ya 2010 yaliruhusu kumwondoa mpangaji kwa amri ya mahakama na kwa kosa la kutolipa kodi hiyo pekee. Huu ni mwendo ule ule wa 1928, na matokeo yake hayatofautiani sana. Mwenye hati asiyepata pato humuuzia tajiri wa mjini. Mnunuzi, ingawa kisheria anarithi wapangaji pamoja na ardhi, ana fedha za wakili na subira ya miaka mahakamani, vitu ambavyo mwenye kibanja hana. Benki nazo hupendelea hati, si kibanja, kuwa dhamana ya mkopo.

Sheria hiyo hiyo ya 1998 ilianzisha Mfuko wa Ardhi ili kumkopesha mpangaji anunue hati, au serikali imnunulie. Ndicho chombo pekee katika historia hii yote kilicholenga umiliki badala ya kodi. Fedha zake zimekuwa haba, na sehemu kubwa ilielekezwa Buyaga na Bugangaizi, ambako dai ni la taifa zima la Wanyoro. Wapangaji wa Buganda ya kati, ambako bei ya ardhi hupanda kwa jinsi Kampala inavyotanuka, bado hati zao zinanunuliwa na wengine.